Sauti Iliyomwinua Nikolaus

"Sisaini," alisema Mwalimu Magreth. "Hata mkinilaza hapa."

Alikuwa kwenye benchi la kituo kidogo cha polisi cha Kasungwa tangu saa mbili asubuhi, goti lake bovu amelinyoosha mbele, mkoba mapajani. Karatasi ya maelezo ilikuwa mezani na kalamu juu yake. Nyuma ya meza alikaa Inspekta Silasi, mkuu wa kituo, kijana wa miaka thelathini na mbili mwenye shahada na viatu vinavyong'aa. Alikuwa ameitazama saa yake mara tatu.

"Mwalimu, gari la mahabusu linaondoka saa nane kwenda mahakamani. Bila saini yako, jalada lina shimo."

"Libebe na shimo lake."

Sajenti Alois Mahona aliingia wakati huo, vumbi limemjaa mpaka kwenye nyusi. Siku mbili alikuwa msituni akitafuta shoka na hakulipata. Alivua kofia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, baba. Wewe ndiye mpelelezi? Basi mwambie mkubwa wako huyu. Nimefundisha Kiingereza miaka thelathini na minne na sijawahi kutia saini kwenye upuuzi."

Mahona aliivuta karatasi. Mambo yenyewe aliyajua. Jumanne iliyopita, saa saba mchana, Nikolaus, mfuga nyuki wa miaka hamsini na minane, alikuwa anakula peke yake uani kwake. Kijiji kizima kilikuwa kwenye mashamba ya tumbaku. Mtu alikuja, akamwambia waondoke. Nikolaus akaacha ugali aliokwisha kuumega matonge matatu, akamfuata. Jumatano asubuhi alikutwa chini ya mizinga yake msituni, kichwa kimepasuliwa kwa mgongo wa shoka. Aliyesikia ni Mwalimu Magreth peke yake, jirani yake, kutoka upande wa pili wa uzio wa mabua. Hakuona kitu.

"'Nilisikia sauti nzito ya mzee mwenye mamlaka,'" Mahona alisoma. "Ulisema hivi?"

"Sikusema nzito. Sikusema mzee. Nilisema sauti ilikuwa imperious. Kiswahili chake hakikunijia pale pale, nikalitamka hivyo hivyo, maana huyu kijana alinihakikishia Kiingereza anakijua."

"Na ninakijua," alisema Silasi. "Nimelitafuta hata kwenye simu. Ni mtu wa kuamuru. Sasa tuje kwenye akili ya kawaida. Umesema mwenyewe marehemu alimpa shikamoo. Mtu wa miaka hamsini na nane anampa nani shikamoo? Mzee. Mzee gani Kasungwa anaamuru watu? Benjamini, kamanda wa sungusungu. Tena wiki moja kabla waligombana mkutanoni. Hapo kuna nini cha kubishana?"

Mahona alivuta kiti akakaa mbele ya Mwalimu, magoti yao karibu yagusane.

"Mimi niliishia darasa la saba, Mwalimu. Nifundishe taratibu. Neno hilo unampa mtu wa namna gani?"

Mwalimu Magreth alimkagua kwanza, kama anayepima iwapo mwanafunzi anatania.

"Daktari akikwambia mguu huu unakatwa, sauti yake ni authoritative. Unamwamini kwa sababu anajua kazi yake, na ukimuuliza kwa nini, atakueleza. Askari wa gwaride, sauti yake ni commanding. Unasimama wima hata kama hukupanga. Wote wawili wana kitu mkononi. Lakini huyu wa kwangu hajui kuliko wewe, wala hana haja ya kuaminiwa. Anaamuru kwa sababu hajawahi kukataliwa. Ukimuuliza kwa nini, anashangaa kumbe una mdomo."

"Lazima awe na cheo?"

"Hata kidogo. Mtoto wa miaka minne anayemfokea dada wa kazi alete uji, mwanafunzi akimpa neno hilo ninamwekea vema."

"Na akimpa mzee Benjamini?"

"Kosa jekundu. Benjamini akija kukwambia zamu ya ulinzi ni yako, anaanza kwa kukuuliza goti linaendeleaje. Ukimwacha, utamsimulia na mgongo."

"Mwalimu," Mahona alisema, "sauti uliyoisikia ilikuwa ya mtu wa umri gani?"

Mwalimu alifungua mkoba, akaufunga.

"Hilo nililinyamazia."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu lilinitia aibu. Nilisikia sauti ya mtu wa miaka arobaini hivi, au chini yake kidogo. Halafu nikamsikia Nikolaus anamwambia shikamoo, na yule anaitikia marahaba. Nikajiambia, Magreth, masikio yameota kutu. Mtu mzima hampi kijana shikamoo. Basi umri nikauacha."

"Baada ya marahaba alisema nini?"

"Nikolaus alimkaribisha chakula. Yule akasema, 'Acha kula. Twende.' Maneno matatu. Nikasikia kata inagonga ndoo, Nikolaus ananawa. Kisha kimya."

Silasi alikohoa. "Sajenti, masikio ya miaka sabini na moja hayawezi kuvunja kesi."

"Saa hizi ni saa nne na nusu, afande," Mahona alijibu, na akaenda mahabusu.

Mzee Benjamini alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, miguu mitupu. Viatu vyake na mkanda vilikuwa kaunta. Mahona alichuchumaa nje ya nondo.

"Kamanda, shikamoo. Ukitaka kumwita mtu, unamwitaje?"

"Unaniuliza mimi? Wewe si umekulia Nzega, kwa sungusungu wenyewe?"

"Nataka kusikia kwako."

"Siendi. Natuma vijana wawili na filimbi. Nikilazimika kwenda, tunakuwa watano, na tunasimama nje ya uzio mpaka tukaribishwe. Kamanda akiingia uani kwa mtu peke yake, yeye ndiye anayeshtakiwa. Faini yake ng'ombe."

"Uliwaambia?"

"Niliwaambia. Yule mtoto wa viatu vinavyong'aa akasema hayo hayamo kwenye vitabu vyake."

"Na ugomvi wa mkutanoni?"

"Nikolaus alilala zamu. Nikamsema mbele ya watu. Akakubali, akatoa kuku wa faini. Tulimla wote. Mimi nilipewa paja, yeye mgongo. Huo ndio ugomvi."

"Unajua ukifikishwa mahakamani leo..."

"Mauaji hayana dhamana. Najua. Nina miaka sabini na mbili, Sajenti. Nikiingia huko natolewa kwa jeneza." Alimwinulia kidole. "Lakini siungami. Mwambie bwana viatu. Wanipige, wanifunge mara mbili, siungami kitu ambacho sikufanya."

Mahona alirudi kwa Mwalimu.

"Nina shangazi wa miaka ishirini na tisa," alimwambia.

"Ninyi Wanyamwezi."

"Babu yangu alioa wake sita. Wa mwisho alimzaa huyo binti wakati mimi nimeshaota ndevu. Kila Krismasi nampa shikamoo, naye anaitikia bila kucheka. Wanangu wanakimbilia nje kwenda kucheka."

Mwalimu Magreth alishika fimbo yake. "Nikolaus alikuwa na mtu kama huyo?"

"Wewe ni jirani yake."

"Miaka miwili tu. Ndugu zake wanatoka Lusu, siwajui. Msiba nao sijafika hata siku moja. Goti, na hawa wanaoniita hapa kila asubuhi."

"Leo wanamaliza matanga. Ukoo wote upo. Utaweza kupanda bajaji?"

"Hata ng'ombe nitapanda."

Silasi aliwawahi mlangoni. "Sajenti, sijakuruhusu kuondoka."

"Sijaomba, afande."

"Ukirudi mikono mitupu, nakuandikia barua."

"Iandike kwa Kiswahili, niisome mwenyewe."

Kwa Nikolaus ni kilomita nne, kwa ile njia ya zamani ya misafara iliyokuwa ikienda Ujiji, ambayo sasa inapitwa na malori ya tumbaku. Bajaji ilisimama mbali kidogo na nyumba. Mahona alimpitisha Mwalimu nyuma, upande wa wanawake jikoni, akamketisha kwenye mkeka, kanga kichwani.

"Usiseme kitu mpaka uwe na hakika," alimnong'oneza.

"Na nikiwa na hakika?"

"Usininong'oneze."

Upande wa wanaume kulikuwa na mabenchi manne na mikeka. Mahona aliketi karibu na mzee mwenye mvi aliyejitambulisha kuwa Lugembe, mtoto wa baba mkubwa wa marehemu, miaka sitini na sita. Walizungumza mvua. Walizungumza bei ya tumbaku. Kisha mlango wa nyumba ukafunguka, akatoka mtu mfupi mnene mwenye shati jeupe lililopigwa pasi, akaenda kukaa kwenye kochi pekee lililokuwa uani. Wazee waliinuka nusu.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba," alisema yule mtu kwa wote, akichagua mahali pa kuweka simu yake.

"Kijana huyu ni nani?" Mahona aliuliza chini chini.

"Huyo si kijana," alisema Lugembe. "Huyo ni Baba Amon. Anakaa Lusu. Babu yetu alimzaa akiwa na miaka sabini, kwa mke wa mwisho. Kiumri tumemzidi wote hapa. Kiukoo ni baba yetu."

"Na mnamsikiliza?"

"Tangu yuko kaptura. Akisema kalale, tunalala."

"Marehemu naye?"

"Nikolaus alikuwa mtiifu kutupita sisi wote. Isipokuwa kwa jambo moja tu."

"Lipi?"

Lugembe alitemea mate pembeni. "Msitu wa mizinga. Ulikuwa wa babu. Nikolaus alikataa usikatwe."

Amon alipiga makofi mara mbili na mazungumzo yakakatika.

"Sikilizeni. Leo tunamaliza. Mizinga itashushwa wiki hii, msitu unakatwa, kuni zinakwenda kwa wakausha tumbaku. Nimeshapatana nao. Mjane na watoto watakaa hapa kwa kibali changu. Hakuna swali."

Wazee walitazama mikono yao.

"Mimi ninalo," alisema Mahona, bado amekaa.

Amon alimtafuta kwa macho. "Wewe nani?"

"Sajenti Mahona, mpelelezi. Jumanne iliyopita mchana ulikuwa wapi?"

"Simama unapozungumza na mimi."

"Nimechoka. Ulikuwa wapi?"

"Nimesema simama."

Mahona alinyoosha miguu, akaweka mguu mmoja juu ya mwingine. Mtu mmoja kwenye mkeka aliguna. Shingo ya Amon ilivimba.

"Nilikuwa Lusu. Nilipigiwa simu Jumatano kwamba mwanangu amekufa, nikapanda basi, nikafika Alhamisi. Waulize hawa. Sasa ondoka. Inuka. Nenda."

"Huyo huyo!"

Wanaume wote waligeuka. Mwalimu Magreth alikuwa amesimama kati ya wanawake, kanga imemwangukia mabegani, fimbo imemnyookea Amon kama alivyokuwa akimnyooshea mtoro darasani.

"Ndiyo sauti yenyewe. Niliisikia Jumanne saa saba, ng'ambo ya uzio huu hapa. 'Acha kula. Twende.'"

"Bibi, kaa chini."

"Sikai."

"Kaa chini, nimesema!"

"Nimefundisha watoto elfu na zaidi, na wewe ndiye mwenye adabu mbovu kuliko wote. Sikai."

Mwanamke mmoja alicheka, akajiziba mdomo. Amon aliona kwamba wanawake wanamtazama usoni. Akabadilisha njia, akamgeukia Mahona huku akitabasamu.

"Sajenti, huyu bibi aliona mtu?"

"Hakuona."

"Alisikia. Kikongwe alisikia sauti. Nenda mahakamani na sauti, tuone kama hakimu atakupa hata kiti."

Alikuwa na haki hapo, na Mahona alijua. Sauti peke yake isingemshusha Benjamini kwenye gari. Mahona alitazama saa. Saa sita na dakika hamsini. Aligeuka taratibu, akitazama uso mmoja baada ya mwingine.

"Nauliza wote. Kuna aliyemwona mtu huyu Kasungwa kabla ya Alhamisi?"

Mahona hakuwa anasubiri jibu. Alikuwa anatazama nani atamtazama nani. Wanawake watatu walimtazama Recheli, mjane, aliyekaa kwenye kizingiti cha jiko, kitambaa cheusi kichwani. Recheli alitazama majivu.

Amon naye aliona. "Recheli, ingia ndani."

Recheli aliinuka. Kwa desturi ya nyumba ile, mke hakumwinulia baba mkwe macho, wala hakuzungumza naye mbele ya wanaume, na kwa miaka ishirini na sita Amon alikuwa baba mkwe wake, ingawa Recheli ndiye aliyemzidi umri. Alitembea hatua mbili kuelekea mlangoni. Hatua ya tatu haikuja.

"Recheli! Umekuwa kiziwi?"

"Nasikia, baba," alisema. Sauti ilikuwa ndogo, na uso bado uko chini. "Hata Jumanne nilikusikia."

"Mwanamke huyu amechanganyikiwa na msiba. Mwingizeni ndani."

Hakuna aliyemshika.

"Nimetoka shamba jua linazama," Recheli aliendelea, "nikakukuta uani. Mume wangu hayupo, nikajua yuko kwenye mizinga. Ukavua shati lako ukanipa. Ukasema umemchinjia rafiki yako mbuzi Kaliua, nifue. Nikafua. Damu haikutoka. Ukasema nilichome moto, na nikupe shati la Nikolaus uvae. Nikakupa. Ulipokuwa unaondoka usiku ule ukasema nisimwambie mtu kwamba umefika. Nikasema ndiyo, baba."

"Uongo!"

"Asubuhi wakanipeleka msituni kumtambua mume wangu." Sasa Recheli aliinua uso, akamtazama Amon moja kwa moja, na baadhi ya wanawake walivuta pumzi. "Ulipokuja Alhamisi ukaniita chumbani, ukasema nikifungua mdomo natolewa kwenye nyumba hii bila watoto. Nikanyamaza siku nne. Nimekupikia. Nimekuwekea maji ya kuoga. Yamekwisha, baba. Nitoe sasa."

Mahona alikuwa ameshasimama. "Mama, shati ulilichoma?"

"Sikulichoma."

"Kwa nini?"

"Sijui. Mkono ulikataa. Liko kwenye debe la nta, chini ya kitanda cha mwanangu wa kwanza."

"Usiliguse wewe. Mzee Lugembe, ingia na mimi uwe shahidi."

Waliingia, wakatoka na debe. Mahona alilifungulia hapo hapo mbele ya watu wote. Chini ya vipande vya nta kulikuwa na mfuko wa nailoni, na ndani ya mfuko shati la bluu lililokunjwa vizuri, kama zinavyokunjwa nguo za mtu anayeheshimiwa. Kifuani na mkono wa kulia doa lilikuwa limebaki, rangi ya kutu. Mahona hakulitoa. Aliufunga mfuko, akaandika saa kwenye daftari, akampa Lugembe aandike jina lake.

Lugembe aliandika polepole.

"Amon," alisema Mahona, "uko chini ya ulinzi kwa mauaji ya Nikolaus."

Amon hakukimbia. Alisimama palepale mbele ya kochi, akainua mikono miwili, viganja juu, kama anayetaka watu wainuke kanisani.

"Wazee! Wanangu! Huyu askari hatoki hapa na mimi. Simameni!"

Na kwa kweli baadhi waliinuka. Wanaume wa miaka sitini, sitini na mitano, magoti yaliwainua yenyewe kwa mazoea ya maisha yao yote. Mahona alihesabu tisa, naye ana pingu moja na hana bunduki. Alirudi hatua moja, mgongo ukagusa ukuta.

Lugembe aliweka kalamu chini. Alipita kati ya benchi na benchi, akasimama mbele ya mtu ambaye alikuwa amemwamkia kila siku ya maisha yake.

"Amon," alisema.

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina tupu. Hata Amon mwenyewe hakuelewa haraka; alitazama nyuma, kama vile kuna Amon mwingine.

"Unasemaje wewe?"

"Nasema Amon. Toa mikono."

Wale waliokuwa wameinuka wakakaa, mmoja mmoja. Wa mwisho kukaa alikuwa kaka mkubwa wa marehemu, naye alikaa kwa kugeuza mgongo. Pingu zilipofungwa zilisikika mpaka jikoni.

Mahona alipiga simu. Saa saba na dakika ishirini.

"Afande, mshushe Benjamini."

"Gari limeshawashwa," alisema Silasi. "Dereva anataka kuwahi, reli ikifungwa pale njia panda tunakwama. Kwa idhini ya nani nimshushe?"

"Nina shati lenye damu. Nina mtuhumiwa. Nina shahidi."

"Shahidi gani tena? Yule mwalimu? Sajenti, usinichezee. Nauliza, kwa idhini ya nani?"

Mahona aliitoa simu sikioni. Recheli alikuwa bado amesimama palepale alipokatalia. Alimpelekea. Recheli alifuta kiganja kwenye kanga, akaipokea simu kwa mkono mmoja.

"Mimi ni mke wa Nikolaus," alisema. "Mshushe mzee wa watu. Sasa hivi. Na umpe viatu vyake."